Nchi ya Kiwiliwili na Uvivu wa Bi Zamoyoni

Sitaeleza nilivyofika Kiwiliwili. Nilipotea, na mtu aliyepotea akijitia kukueleza njia, huyo ni mwongo. Inatosha kusema kwamba niliondoka kwangu nimeudhika. Mtaa wetu ulikuwa umeshinda juma zima ukimteta Siwema, mke wa jirani yangu, kwamba ni mvivu, kazi yake kulala na kuamka ili alale tena. Mimi ni mwanamke mtu mzima, nimezika waume wawili, na habari za kitanda cha mtu mwingine zinanichosha. Nikatoka kupunga upepo. Nilipokuja kugutuka, niko nchi nyingine.

Nchi yenyewe imelala chali. Ukipanda kilima chochote utaiona: kaskazini kichwa, kusini miguu, katikati tumbo lenye mashamba. Wenyeji hawapendi kuambiwa kwamba nchi yao inafanana na mtu aliyelala. Wao husema ni mtu anayefanana na nchi yao, tena vibaya.

Kilichonishangaza kwanza ni baridi. Jua lilikuwa la saa sita, la kuchoma utosi, na watu wamejitanda mablanketi wanatembea kama wanaokanyaga uji. Ofisa wa mpakani, aliyevimba uso na kunyonyoka nyusi pembeni, alianza kuniuliza jina, akasinzia katikati ya swali, akaamka, akanijibu yeye jina lake. Tukaendelea hivyo mpaka tukazoeana. Mara akapita mwenzake, wakasalimiana kwa salamu ya nchi:

"Mbiu?"

"Bado."

"Basi hakuna jambo."

"Hakuna jambo kabisa."

Kisha wote wawili wakajikunyata, wakatetemeka kwa pamoja.

Niliuliza maana ya salamu hiyo, nikafunguliwa katiba. Katiba ya Kiwiliwili ina kifungu kimoja tu: Mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Sheria ndogondogo zote zilizobaki ni methali pia, kwa maana wenyeji wanaamini kuwa maneno yakishasemwa na wengi hayahitaji tena kufikiriwa.

Sasa, mababu zao hawakuwa wajinga. Chini ya kichwa cha nchi, nyuma kabisa ya Pua, kuna jiwe lenye umbo la tandiko la farasi, na juu ya tandiko hilo walijenga kijumba ambacho kwa vipimo vya nchi ile ni punje ya njegere. Ndani waliweka mpiga mbiu. Yeye ndiye aliyekuwa akiwaita wote kazini: mlio mmoja wa kuliwasha Tanuri Kuu, mlio mwingine wa kuwaamsha walinzi wa maghala, mwingine wa kufunga mifereji ya maji, mwingine wa kuwarefusha watoto, na mmoja mtamu wa kuwaita maharusi. Aliyeitwa alifanya kazi, na asiyeitwa alisubiri. Mpango mzuri, sina neno nao.

Wajukuu ndio walioongeza akili. Walikaa kikao, wakasema: ikiwa mbiu ikilia kuna jambo, basi isipolia hakuna jambo. Hoja ikapita kwa makofi. Nilipofika mimi, mbiu ilikuwa haijasikika kwa muda mrefu, na kwa hiyo serikali ilikuwa imetangaza enzi ya amani.

Niliitembelea amani hiyo. Shuleni nilikuta wanafunzi wa darasa la mwisho wamekalia viti vya chekechea na miguu haifiki chini. Mwalimu akaniambia watoto wa siku hizi hawana haraka. Kwenye ukumbi wa harusi nilikuta bwana na bibi wamepambwa, wameketi tangu msimu uliopita, wanatazamana kwa heshima. Milango ya mifereji ilikuwa wazi, maji yanakwenda kusini bila kipingamizi, na raia walikunywa mtungi baada ya mtungi. Nchi nzima ilikuwa na kiu, na nchi nzima ilikuwa kwenye foleni ya choo. Njiani nilimkuta mtu ametumbukia shimoni. Wapita njia walikuwa wamemzunguka wakimsihi atulie, kwa sababu mbiu haijalia. Nilimpa mkono akatoka, nikaandikiwa onyo.

Malazi nilipewa Shingoni, kwa Bi Zamoyoni, msimamizi wa Tanuri Kuu linalotakiwa kuipa nchi joto. Alikuwa mwanamke wa rika langu, mpana, mwenye sauti iliyokwaruza na nywele zilizobaki kwenye mto wa kulalia kila alipoinuka. Alinikaribisha kwa chai ya baridi, akaomba radhi kwa ubaridi wa chai, wa chumba na wa mkono wake.

"Shoga, usinione hivi," aliniambia. "Hili tanuri nililikuta likinguruma. Mama yangu alilisimamia, na bibi yangu. Na mimi nalipenda. Nalifagia, kuni nimezipanga, kiberiti hiki hapa. Lakini mwito hauji, na bila mwito mkono wangu unakuwa si wangu. Naambiwa mvivu. Siku nyingine naamini."

Ukutani kwake kulikuwa na mabango ambayo serikali ilikuwa imemtundikia: KAZI NI UHAI, AMKA UNG'ARE, MVIVU HALI. Walikuwa pia wamemletea mtu wa kumhamasisha. Mtu huyo alizungumza asubuhi mpaka mchana, akashikwa na baridi, akalala miguuni pa tanuri, na alikuwa bado yupo. Bi Zamoyoni alikuwa amemfunika kwa blanketi lake la akiba.

Nilipomwona vile nilimpenda. Ndipo aliponieleza kwamba kesho yake anapelekwa barazani, na kwamba adhabu ya uvivu ni kukatwa, yaani kutolewa nje ya mpaka. Nikamwambia si neno, nje kuna dunia, atakuja kukaa kwangu. Akanitazama kwa huruma.

"Mwenyeji wa Kiwiliwili haishi nje," alisema. "Hata ukucha wetu ukikatwa ukatupwa huko, ndio mwisho wake."

Baraza lilifanyika ukumbini, wajumbe wote wamo ndani ya mablanketi, hujui nani mjumbe na nani mto. Kiti cha mbele alikikalia Liwali Mwinyimvua, mzee mnene, mpole, mwenye moyo mzuri kabisa. Nasema hivyo makusudi. Sikukuta mtu mbaya katika nchi ile, na hilo ndilo lililonitia hofu.

"Bi Zamoyoni, mama yangu," Liwali alianza, "tanuri limepoa. Unakiri?"

"Nakiri, Mheshimiwa."

"Kuni zipo?"

"Zipo."

"Kiberiti?"

"Kipo."

"Mikono?"

Bi Zamoyoni akaiinua akaitazama. "Ipo, Mheshimiwa."

"Basi kilichobaki ni uvivu."

Wajumbe wakapiga makofi ya polepole. Hapo akasimama Tabibu Kibibi, tabibu wa nchi, mwanamke aliyesoma mpaka elimu ikamwelemea. Alikuwa na kasoro moja: akizungumza, hata viti hulala. "Niruhusuni nianze na mwanzo," alisema, "na kabla ya mwanzo, niyataje yaliyoutangulia." Ukumbi mzima ukaanza kukoroma. Mimi nilikuwa mgeni, sijazoea, nikasikiliza. Na alipofika mwisho wa yale yaliyotangulia mwanzo, alisema neno.

"Tanuri nimelikagua. Ni zima. Lakini si tanuri peke yake lililolala. Walinzi wa maghala wamelala, mifereji imeachia, watoto hawakui, maharusi wanatazamana. Mheshimiwa, wavivu wote hawa walikutana wapi wakapanga? Mkiona wengi wamelala pamoja, msimchape aliyelala. Mtafuteni aliyetakiwa kuwaamsha."

Liwali akafumbua jicho. "Unataka kusema mbiu ina hitilafu?"

"Naam."

"Tabibu, mbiu ikiwa na hitilafu, hilo si jambo?"

"Ni jambo kubwa."

"Na pakiwa na jambo, mbiu hulia?"

"Ndivyo isemavyo katiba."

"Imelia?"

"Haijalia, Mheshimiwa."

"Basi," alisema Liwali, akajifunika.

Nilicheka. Sikukusudia, kicheko changu ni kikubwa na hakiombi ruhusa. Wajumbe wakashtuka, wengine wakadhani ni mbiu, wakaanza kutafuta viatu. Liwali akanikazia macho, kisha akatabasamu, maana alikuwa amekumbuka sheria.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," alisoma. "Sheria ndogo, lakini ni sheria. Mgeni amekuja. Sasa na amponye mwenyeji. Kesho alasiri ulete ushahidi, bibi, ama huyu mama atakatwa na wewe utashika taa ya kumsindikiza."

Bi Zamoyoni alinishika mkono, na mkono wake ulikuwa wa baridi kweli. Nikajuta kucheka, halafu nikajuta kujuta.

Asubuhi mimi na Tabibu Kibibi tulipanda kuelekea Jiwe la Tandiko. Juu tu ya kijumba cha mpiga mbiu ndipo wanapokaa walinzi wa nchi, pacha wawili wanaotazama mbali usiku na mchana. Wa kwanza alikuja kutulaki, akagonga mwimo wa mlango kwa bega la kulia. Wa pili akagonga kwa la kushoto. Mabega yao yote yalikuwa na michubuko.

"Mbele shwari!" wakaripoti.

Nilikuwa na andazi mkononi. Nikamnyooshea mmoja kutokea ubavuni, hakulipokea. Nikalisogeza mbele ya pua yake, akaruka kwa furaha, akaniuliza nimelitoa wapi. Mimi nikaona kichekesho. Tabibu hakucheka. Alimsimamisha kijana yule, akamwambia atazame pua yake yeye Tabibu asihamishe macho, akainua vidole vyake kando ya uso wa kijana.

"Unaona vidole vingapi?"

"Vidole gani, mama?"

Akamfanyia na wa pili, akapata jibu lile lile. Tabibu akainama akatazama sakafu waliyosimamia. Ilikuwa imetuna. Kitu fulani kilikuwa kikiisukuma kutoka chini, na kuwabana pacha wale mishipa ya macho, wasione isipokuwa mbele. "Hawa wanakaa juu ya kijumba," aliniambia, na kwa mara ya kwanza alisema sentensi fupi. "Twende chini."

Mlango wa kijumba uligoma kufunguka. Tulisukuma ukatoa nafasi ya mkono, tukasukuma tena ukatoa nafasi ya mtu. Ndani kulikuwa na boga. Sisemi mboga ya kupika; ni boga lililojaa chumba kutoka ukuta hadi ukuta, la kijivu, lililotulia, linalokua bila kelele. Na nyuma yake, amebanwa ukutani, boga limemlalia kifuani, alikuwa Mzee Punje, mpiga mbiu, na mbiu yake mdomoni. Mashavu yake yalikuwa yamejaa pumzi. Alikuwa anapiga.

Hatukusikia kitu.

"Mzee wangu," nilimwambia, "tangu lini?"

Akaitoa mbiu mdomoni. "Sijaacha hata siku moja, mwanangu. Napiga ya tanuri, napiga ya maghala, napiga zote. Sauti haitoki."

"Kwa nini hukusema umebanwa?"

"Nilisema. Nilipiga mbiu."

Sioni haya kusema kwamba nililia. Nchi nzima ilikuwa inamlaani Bi Zamoyoni kwa uvivu, na mzee huyu yuko hapa anapasuka mapafu kwa kazi, na salamu ya mjini ni kwamba hakuna jambo.

Tuliporudi na habari, baraza halikuuliza Mzee Punje yu hali gani. Liliuliza nani kapanda boga. Iliundwa kamati, ikaleta majina ya wachawi, kwa sababu watu walikuwa wameshaanza kuwasema, na sheria ndogo inasema lisemwalo lipo. Tabibu Kibibi alisimama akasema limeota tu. Wakati mwingine vitu huota, hakuna aliyekosea. Jibu hilo liliwachukiza kuliko boga lenyewe. Hata hivyo Liwali aliruhusu litolewe, na kwa kuwa njia fupi ya kufika kwenye tandiko ni kupitia Pua, mafundi waliingia huko na visu vyembamba na kulitoa kipande kwa kipande. Nchi ilipiga chafya, kiatu kikanichomoka mguuni.

Boga lilipotoka tu, wale pacha waligeuka wakatazamana. "Kumbe una masikio!" mmoja alipiga kelele. Wakakumbatiana, na watu wakashangilia.

Lakini Mzee Punje alipoweka mbiu mdomoni, ilitoka sauti ya filimbi ya mtoto. Kifua kilikuwa kimebanwa mno. Tabibu alimpima, akasema huenda pumzi ikarudi kidogo, huenda isirudi kamwe, na yeye hataidanganya nchi. Kuanzia sasa mwito utapelekwa kwa mkono. Alikuwa ameandaa vifuko vidogo, kila kifuko na mwito wake ndani, kimoja cha maghala, kimoja cha tanuri, kimoja cha mifereji, na vya wengine vitafuata. Vitapelekwa kila siku.

"Mpaka lini?" Liwali aliuliza.

"Kila siku, Mheshimiwa."

"Nimekusikia. Nauliza mpaka lini."

Tabibu akarudia, na baraza likaguna. Kisha ukazuka ubishi mkubwa kuliko wote niliousikia kule. Kifuko gani kiende kwanza? Baridi ilikuwa inauma, na wajumbe wote walikuwa na meno yanayogongana. "Tanuri! Tanuri!" walipiga kelele. Tabibu aliwaomba wamsikilize, akaanza na yaliyotangulia mwanzo, wakalala. Mimi nikamtikisa bega nikamwambia: "Mama, kwa Mungu, sema mkia tu."

"Maghala kwanza!" alipaza sauti. "Tanuri linakula akiba ya maghala. Walinzi wa maghala wamelala na milango imefungwa. Mkiwasha moto kabla hawajaamka, utakula mapaa, utakula milango, utawameza nyinyi. Joto mtalipata. Nchi hamtaipata."

Tukampeleka mjumbe na kifuko cha maghala huko vilimani, juu ya Figo. Ni mbali, na mjumbe alikuwa na baridi kama wengine. Alasiri ikafika hajarudi. Liwali, mwenye moyo mzuri, hakuvumilia kuona watu wake wakitetemeka. Alishuka Shingoni na umati mzima nyuma yake, akasimama mbele ya tanuri na kifuko cha pili mkononi.

"Bi Zamoyoni, mama yangu, ile kesi yako bado iko wazi. Mwito huu hapa. Washa moto sasa hivi, nami nitakufutia. Usipowasha, jua halitui ukiwa ndani ya mpaka."

Aliupokea mwito. Niliona ulivyomwingia: mabega yalinyooka, macho yakapata mwanga, mkono ukaenda wenyewe kwenye kiberiti. Miaka yote hiyo alikuwa akiusubiri. Umati ulikuwa ukimwimba jina, umati ule ule uliomwita mvivu. Akasita hapo na kiberiti mkononi, akanitazama mimi, akamtazama Tabibu.

"Maghala yameamka?" aliuliza.

"Bado," alisema Tabibu.

Bi Zamoyoni akageuka, akakaa kwenye mdomo wa tanuri, akaliziba lote kwa upana wake. Kiberiti akakikalia.

"Nimeitwa mvivu bila kosa," alisema kwa sauti yake ya kukwaruza. "Leo nitafanya uvivu kwa makusudi, nione ladha yake. Nikatwe."

Umati ulizomea. Liwali alikunja uso, akatafuta sheria, akaipata. "Chelewa chelewa utamkuta mwana si wako!" alisoma.

"Haraka haraka haina baraka," alijibu Bi Zamoyoni.

Zote mbili zilikuwa sheria, zote mbili zilisemwa na wengi, na katika historia yote ya Kiwiliwili hakuna aliyewahi kuzisema mahali pamoja. Karani akanong'ona kwamba itabidi kikao. Kikao kikaketi pale pale chini, mbele ya tanuri. Wazee wa haraka upande huu, wazee wa baraka upande ule, hawa wakaleta ngojangoja huumiza matumbo, wale wakajibu subira yavuta heri. Bi Zamoyoni alitetemeka juu ya kiberiti chake, midomo imegeuka rangi, na mimi nikajibanza naye tugawane joto nililokuja nalo kutoka kwetu. "Shoga," aliniuliza, "uvivu wa kweli unachosha hivi?"

Walikuwa wamefika kwenye mwenda pole hajikwai wakati mlio wa makomeo uliposikika kutoka vilimani, komeo baada ya komeo. Maghala yalikuwa yanafunguliwa. Walinzi walitoka wakipiga miayo, wakauliza mbona hawakuitwa siku zote hizo, na akiba ikaanza kuteremka.

Bi Zamoyoni akainuka. Hakuwasha tanuri zima. Alianza na kuni chache, akasikiliza, akaongeza. Joto lilishuka kifuani mwa nchi taratibu, likafika tumboni, likafika miguuni. Yule mhamasishaji aliamka miguuni pa tanuri, akafungua macho, akasema, "Mnaona? Nilijua atabadilika."

Yaliyofuata yalikuwa mema, nayo hayachekeshi kama mabaya. Watoto walianza kugusa sakafu kwa nyayo. Mifereji ilifungwa, foleni ya choo ikavunjwa kwa hotuba fupi. Wale maharusi waliinuka siku moja wakaenda zao bila kuaga mtu. Kesi ikafutwa, mabango yakachomwa tanurini, na yaliwaka vizuri sana.

Na kwa kuwa mambo yalikuwa mazuri, Liwali aliitisha sherehe akatoa hoja. "Ndugu zangu, tazameni tulivyonona. Mtu aliyepona ana haja gani na dawa? Napendekeza vifuko visitishwe."

"Mheshimiwa," Bi Zamoyoni alisema kutoka nyuma, "usiache mbachao kwa msala upitao. Tumepona kwa sababu vinakuja. Hivi hukuona?"

Kabla Liwali hajatafuta sheria ya kumjibu, Homa iliingia kwa mlango wa Kinywa. Ilikuja bila taarifa na jeshi lake, na walinzi wa maghala, waliopewa kifuko cha siku ya kawaida, wakaanza kulegea magoti. Wajumbe wakasimama wakapiga kelele za kutaka kikao. Tabibu Kibibi alishaeleza mapema, wakiwa wamelala, kwamba siku ya Homa kifuko cha maghala ni maradufu, na Kinywa kikianza kutapika, kipenyezwe kwa sindano pajani, wala asiulizwe mtu. Bi Zamoyoni alikuwa macho siku ile. Alinyakua vifuko viwili akamrushia aliyekuwa karibu na mlango, na aliyekuwa karibu na mlango alikuwa Liwali.

"Kimbia, baba!" alimwambia.

Nilimwona kwa macho yangu Liwali Mwinyimvua akikunja joho hadi magotini na kupanda mlima mbio, bila hoja, bila mjadala, bila kuungwa mkono. Alifika. Maghala yalisimama imara, na Homa ikaondoka baada ya siku chache za jasho. Tangu hapo hoja ya kusitisha haikurudi, ingawa Liwali husimulia mbio zile kila kikao, na mlima huzidi kurefuka.

Siku niliyoondoka, Bi Zamoyoni alinisindikiza mpaka kwenye Kifundo cha Mkono. Huko Tabibu alikuwa amefunga bangili kubwa ya bati kuzunguka kilima, imeandikwa kwa ajili ya wageni: MBIU YETU HAILII. MKITUKUTA TUMENYAMAZA, TUPENI KIFUKO CHA MAGHALA KWANZA, MASWALI BAADAYE. Mzee Punje alikuwa ameketi chini yake anaota jua, bado anapiga filimbi yake ndogo, na watoto walikuwa wakienda kuweka sikio mgongoni pake wasikie. Ofisa wa mpakani alinigongea muhuri bila kusinzia.

"Mbiu?" aliniuliza.

"Bado," nilisema.

"Basi ngoja nikamtazame mzee," akasema, akaenda.

Nilifika mtaani kwetu mchana wa joto kali, mbwa wamelala chini ya mikokoteni. Siwema alikuwa ameketi kibarazani kwake, amejifunika blanketi. Wanawake bombani waliniashiria kwa kidevu nimwangalie, mvivu huyo, na mumewe kaenda kazini na njaa. Kando ya mkono wake kulikuwa na jagi tupu la maji. Begani alikuwa na mchubuko.

Sikupita. Nilivua viatu, nikaketi mbele yake, nikamsalimu, akaniitikia kwa sauti ya kukwaruza.

"Siwema, mwanangu, nitazame puani. Usihamishe macho." Nikainua mkono kando ya uso wake. "Unaona vidole vingapi?"

Akanitazama puani kwa utiifu, muda mrefu.

"Vidole gani, mama?" aliniuliza.

Nikavaa viatu vyangu, nikamsaidia kutafuta vyake, twende kwa tabibu.